Pasaka ya Wayahudi: Sikukuu inayoandaliwa kwa mikono ya watoto

Na Mwandishi Wetu, Tunduma

KATIKA mji wa Tunduma, ambako malori yaendayo Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo hupanga foleni usiku na mchana, neno Pasaka halihitaji kufafanuliwa. Inapokaribia, maduka ya nguo za watoto hujaa wateja, bei ya kuku hupanda na mafundi cherehani hukesha.

Lakini ni wachache wanaokumbuka kuwa neno hilo ni la kale kuliko Ukristo wenyewe. Limetokana na neno la Kiebrania, Pesahi, ambalo ni jina la sikukuu ya Wayahudi ya kukumbuka kutoka kwa Waisraeli katika utumwa wa Misri. Lilipitia Kiaramu na Kigiriki kabla ya kutufikia sisi.

Sikukuu hiyo ina jambo moja ambalo mzazi wa mjini, awe Mkristo, Mwislamu au asiye na dini, anaweza kulitafakari kwa faida. Kiini chake hakiko katika nyumba ya ibada. Kiko nyumbani, mezani, na mtu anayeufungua usiku huo rasmi ni mtoto.

Makala haya yanaeleza jinsi familia za Kiyahudi zinavyowashirikisha watoto katika maandalizi hayo, sababu za kufanya hivyo, na jinsi desturi hiyo ilivyoishi hapa Afrika Mashariki hata ilipopigwa marufuku.

Kalenda mbili, jina moja

Pasaka ya Wayahudi huanza jioni inayoingiza tarehe 15 ya mwezi wa Nisani. Kwa Wayahudi, kama ilivyo kwa Waislamu, siku mpya huanza jua linapozama. Nchini Israel sikukuu huadhimishwa kwa siku saba, na nje ya Israel Wayahudi wengi huiadhimisha kwa siku nane.

Miezi ya Kiyahudi hufuata mwandamo wa mwezi. Ili sikukuu isihame majira yake, mwezi mmoja huongezwa katika miaka saba kati ya kila miaka 19. Ndiyo maana Pasaka hizo mbili mara nyingine hukaribiana na mara nyingine huachana mbali.

Mwaka 2024 Wakristo wengi waliadhimisha Pasaka Machi 31, wakati Wayahudi walianza yao jioni ya Aprili 22. Mwaka 2025 Wayahudi walianza jioni ya Aprili 12 na Wakristo wakafuata Aprili 20. Kwa mwaka 2026 tarehe zinakaribiana zaidi: jioni ya Aprili 1 kwa Wayahudi na Aprili 5 kwa Wakristo.

Swali la mtoto ndilo msingi

Katika Torati, mara nne mzazi anaelekezwa namna ya kumsimulia mtoto habari za kutoka Misri, na katika sehemu tatu kati ya hizo mtoto ndiye anayeanza kwa kuuliza. Sehemu mojawapo ni sura ya 12 ya kitabu cha Kutoka, ambayo inaeleza sikukuu yenyewe na papo hapo inatazamia siku ambayo watoto watataka kujua maana ya ibada hiyo.

Wakati Hekalu la Yerusalemu lilipokuwapo, watu walisafiri kwenda huko kuchinja mwanakondoo wa Pasaka. Warumi walilibomoa Hekalu hilo mwaka 70. Tangu hapo dhabihu ilikoma, na sikukuu ingeweza kufifia.

Haikufifia kwa sababu walimu wa dini waliihamishia mezani. Mishna, mkusanyiko wa sheria za Kiyahudi uliokamilika yapata mwaka 200, inaelekeza kuwa kikombe cha pili kinapomiminwa, hapo ndipo mtoto humuuliza baba yake. Kama mtoto hajui cha kuuliza, baba humfundisha. Na baba naye anatakiwa kujibu kwa kadiri ya ufahamu wa mtoto huyo.

Talmudi inaongeza habari za Rabi Akiva, mwalimu mashuhuri wa karne ya pili. Inasimuliwa kuwa alizoea kuwagawia watoto nafaka za kukaanga na njugu usiku wa Pasaka ili wasisinzie, bali wabaki macho na kuuliza. Aidha, mkesha huo ulikuwa miongoni mwa siku chache ambazo alivunja darasa mapema, kwa ajili ya watoto waliokuwa wakisubiri nyumbani.

Kwa hiyo kumshirikisha mtoto hakukuongezwa baadaye ili kumfurahisha. Ni sharti la sikukuu yenyewe. Hata mtu aliye peke yake usiku huo anatakiwa ajiulize mwenyewe maswali hayo kwa sauti.

Kusaka chachu nyumba nzima

Maandalizi huanza wiki kadhaa kabla. Kwa siku zote za Pasaka, Myahudi haruhusiwi kula wala kubaki na chachu katika nyumba yake. Chachu kwa maana hiyo ni kitu chochote kilichotokana na ngano, shayiri au nafaka nyingine tatu za jamii hiyo, ambacho kimelowa maji na kuachwa kiumuke. Mikate, maandazi, biskuti, tambi na bia ya shayiri vyote vimo.

Hapo ndipo kazi ya watoto inapoanza. Mtoto wa miaka minne hupewa mifuko ya nguo na ya shule aikung'ute makombo. Mwenye miaka saba hutoa vitabu rafuni na kupangusa. Mwenye miaka kumi huweza kukabidhiwa kabati la jikoni aandike orodha ya vilivyomo: kipi kiliwe kabla ya sikukuu, kipi kigawiwe majirani, kipi kitupwe.

Watoto hufaa kwa kazi hii kwa sababu iliyo dhahiri. Mara nyingi wao ndio walioangusha makombo hayo, na wao ndio wanaojua biskuti ilifichwa wapi.

Usiku wa kuamkia mkesha wa sikukuu hufanyika msako wa mwisho. Taa huzimwa, na familia huzunguka chumba kwa chumba kwa mwanga wa mshumaa, ikiwa na unyoya wa ndege wa kufagilia na kijiko cha mti cha kuzolea. Katika familia nyingi, mzazi huwa amekwisha kuficha vipande kumi vya mkate vilivyofungwa katika karatasi, ili msako usiwe wa bure. Watoto huvitafuta na kuvihesabu hadi vitimie kumi.

Mzazi mwenye busara hushika mshumaa mwenyewe na kumwachia mtoto unyoya. Siku hizi wapo wanaotumia tochi kwa ajili ya usalama. Vipande vilivyopatikana huwekwa pamoja, na asubuhi yake huchomwa moto nje ya nyumba, watoto wakishuhudia.

Mtoto aliyeusaka mkate gizani na kuuona ukiteketea asubuhi hahitaji kuhubiriwa sana kuwa siku zinazofuata ni tofauti na nyingine.

Chapati hairuhusiwi, ugali una mjadala

Msomaji wa Tunduma anaweza kuuliza: kama kinachokatazwa ni chachu, je, chapati isiyo na hamira inafaa?

Jibu ni hapana. Kwa sheria ya Kiyahudi, unga wa ngano uliochanganywa na maji huhesabiwa kuwa umeanza kuumuka ukikaa dakika 18 bila kukandwa wala kuokwa. Donge la chapati, ambalo mpishi huliacha lipumzike ili lilainike, limekwisha kuvuka mpaka huo.

Mkate wa Pasaka, uitwao matza, hutengenezwa kwa unga na maji peke yake. Hukandwa haraka, husukumwa ukawa mwembamba, hutobolewa matundu usivimbe, na kutiwa katika tanuri kali kabla dakika hizo 18 hazijaisha. Unakumbusha kuwa Waisraeli waliondoka Misri kwa haraka, bila muda wa kusubiri unga uumuke.

Kwa sababu ya masharti hayo, familia nyingi hununua matza iliyotengenezwa chini ya usimamizi. Hata hivyo, shule nyingi za Kiyahudi huwafanyisha watoto zoezi la kuoka: mmoja anashika saa, mwingine anamimina maji, wengine wanasukuma. Mtoto hujifunza maana ya haraka kwa kuhangaika na saa badala ya kuambiwa tu.

Mahindi, ambayo ndiyo chakula kikuu cha Mkoa wa Songwe, hayamo katika nafaka tano zilizokatazwa na Torati. Mchele, maharage na ulezi navyo havimo. Lakini Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki walijiwekea desturi, tangu karne za kati, ya kutokula mchele na jamii ya kunde, na baadaye mahindi pia, wakati wa Pasaka, kwa kuhofia kuchanganyika na ngano. Wale wenye asili ya Hispania, Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati wengi wao hawakuifuata.

Mwishoni mwa mwaka 2015, marabi wa madhehebu ya Konsavativu nchini Marekani walipitisha uamuzi unaowaruhusu waumini wao wote kula vyakula hivyo. Mjadala huo unaonyesha kuwa swali la jikoni, hata likiulizwa na mtoto, linaweza kuwa swali zito la sheria.

Meza inayofundisha

Chakula cha usiku wa kwanza huitwa sederi, maana yake mpangilio. Katikati ya meza huwekwa sinia lenye vyakula vya ishara, na karibu kila kimoja kina kazi inayomfaa mtoto.

Mboga chungu, kama vile saladi ya majani marefu au mzizi mkali uliokunwa, hukumbusha uchungu wa utumwa. Mtoto huosha majani na kuyakagua yasiwe na wadudu. Maji ya chumvi hukumbusha machozi. Hata mtoto mdogo kabisa anaweza kuyakoroga na kuyaonja.

Haroseti ni mchanganyiko mtamu unaofanana na udongo wa matofali ambayo Waisraeli walilazimishwa kuyafyatua. Wayahudi wa Ulaya huitengeneza kwa tofaa, njugu, mdalasini na divai. Wale wa Mashariki ya Kati hutumia zaidi tende. Kwa mazingira yetu, tende na korosho zikitwangwa pamoja katika kinu hutoa kitu kile kile, na mchi hakuna mtoto asiyependa kuushika.

Sinia huwa pia na mboga ya kuchovya, yai lililookwa na mfupa uliochomwa, ambao hukumbusha mwanakondoo wa dhabihu. Mbele ya mwenye nyumba huwekwa matza tatu zilizofunikwa kitambaa, ambacho mara nyingi huwa kimepambwa na watoto wenyewe.

Ndugu na wageni huwa wengi, hivyo watoto huandika kadi za majina na kupanga viti. Huandaa pia mito, kwa sababu usiku huo desturi ni kula ukiwa umeegemea, kama walivyofanya watu huru zamani.

Usiku wenyewe

Familia husoma kitabu kiitwacho Hagada, chenye masimulizi, dua na nyimbo za usiku huo. Watu wazima hunywa vikombe vinne vya divai. Watoto hupewa maji ya zabibu.

Mapema kabla ya mlo, mboga huchovywa katika maji ya chumvi na kuliwa. Talmudi inakiri wazi kuwa jambo hilo hufanywa ili watoto washangae na kuuliza. Kisha mtoto mdogo kuliko wote anayeweza kusema husimama na kuuliza kwa nini usiku huu si kama mwingine: kwa nini matza, kwa nini mboga chungu, kwa nini kuchovya mara mbili, kwa nini kuegemea.

Mtoto huyo huwa amefanya mazoezi kwa wiki kadhaa. Kwa familia nyingi, hicho ndicho kitu cha kwanza ambacho mtoto hukisema mbele ya hadhara maishani mwake, na watu wazima hunyamaza kumsikiliza.

Hagada inataja watoto wa aina nne: mwenye hekima, mkaidi, mnyofu, na asiyejua kuuliza. Kila mmoja ana jibu lake. Kwa yule wa nne, mzazi anaagizwa aanze yeye. Haruhusiwi kumpita kwa sababu amekaa kimya.

Kipande cha matza ya katikati hufichwa. Mlo hauwezi kufungwa mpaka kipatikane na kuliwa, hivyo watoto wakikipata huwa na nguvu ya kudai zawadi. Hila hiyo huwaweka macho hadi usiku wa manane. Karibu na mwisho, mtoto hutumwa akafungue mlango kwa ajili ya nabii Eliya, ambaye ametengewa kikombe chake mezani.

Mbale: sikukuu iliyojificha nyumbani

Wapo wanaodhani haya ni mambo ya Ulaya na Marekani tu. Ukweli ni kwamba sikukuu hii ina historia pia katika eneo letu. Nairobi ina jumuiya ya Wayahudi iliyoanzishwa mwanzoni mwa karne ya 20, na Arusha ipo jumuiya ndogo. Lakini historia inayogusa zaidi ni ya Abayudaya, wanaoishi karibu na mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda.

Mwanzilishi wao alikuwa Semei Kakungulu, kiongozi wa kijeshi wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kutawala eneo hilo, kisha akatofautiana nao. Kwa kuisoma Biblia mwenyewe, alifikia uamuzi wa kushika sheria za Agano la Kale. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe, na wafuasi wake wakaanza kujulikana kama Abayudaya, yaani watu wa Yuda. Alifariki dunia mwaka 1928.

Jumuiya hiyo ya wakulima iliendelea kwa miongo kadhaa bila ukoo wala nasaba iliyowafunga na Wayahudi wa kwingineko. Kisha, Januari 25, 1971, Idi Amin akatwaa madaraka kwa nguvu. Utawala wake ulipiga marufuku dini ya Kiyahudi na masinagogi yakafungwa.

Kati ya watu wanaokadiriwa kuwa walifikia 3,000, wengi waligeukia Ukristo au Uislamu. Inakadiriwa kuwa waliobaki na imani yao kwa siri walikuwa takriban 300. Hawakuwa na jengo la kukutania wala uhuru wa kusali hadharani. Walichobaki nacho ni nyumba zao, na watoto waliokuwa ndani ya nyumba hizo.

Aprili 11, 1979, majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni waliuteka mji wa Kampala, ingawa mapigano katika maeneo mengine yaliendelea hadi mwanzoni mwa Juni. Jua lilipozama siku hiyo hiyo ya Aprili 11, kwa kalenda ya Kiyahudi ulianza usiku wa kwanza wa Pasaka.

Msomaji wa Tanzania anaijua tarehe hiyo kama ukurasa wa vita vya Kagera. Kwa Abayudaya, utawala uliowakataza kusali uliangushwa katika usiku ule ule wa kukumbuka kuanguka kwa Farao.

Waliokuwa watoto katika miaka ya marufuku ndio waliokuja kuwa vijana walioifufua jumuiya katika miaka ya 1980. Mmoja wa kizazi hicho ni Gershom Sizomu, ambaye mwaka 2008 alipata daraja la rabi baada ya masomo Los Angeles, Marekani, na mwaka 2016 akachaguliwa kuwa mbunge wa Bungokho Kaskazini. Mwaka huo huo sinagogi jipya lilizinduliwa katika kilima cha Nabugoye.

Kama watoto hao wangeachwa wawe watazamaji tu katika miaka minane ya kujificha, mwaka 1979 usingemkuta mtu wa kuendeleza chochote. Hapo ndipo inapoonekana maana ya kumpa mtoto unyoya, kinu na swali.

Si Pasaka peke yake

Utaratibu huo unaonekana katika sikukuu nyingine pia. Katika sikukuu ya Vibanda, ambayo huja kati ya Septemba na Oktoba, familia hujenga kibanda nje ya nyumba na kula humo kwa siku saba. Paa lake huezekwa kwa matawi au majani. Kukata matawi, kuning'iniza matunda na kubandika michoro ni kazi za watoto.

Katika Hanuka, mshumaa mmoja huongezwa kila usiku hadi vifikie vinane, na katika nyumba nyingi kila mtoto ana kinara chake. Kila Ijumaa, kabla ya Sabato, watoto husaidia kusuka mikate kabla ya kuokwa. Mtoto asipopata nafasi Pasaka, ataipata wiki ijayo.

Funzo kwa mzazi wa Songwe

Hapana haja kwa Mkristo au Mwislamu wa Vwawa, Mlowo au Tunduma kuiga ibada za Kiyahudi. Sederi ni mali ya wenyewe, na kila dini ina njia zake. Kinachofaa kuazimwa ni kanuni iliyo nyuma yake: mtoto apewe kazi ya kweli, aelezwe maana yake, na aruhusiwe kuuliza.

Mji wa mpakani una changamoto zake. Wazazi wengi hushinda sokoni, kwenye maduka ya kubadili fedha au ofisi za forodha, na baadhi hupitisha wiki nzima safarini. Sikukuu inapofika, njia rahisi ni kununua: nguo mpya, soda, na fedha ya kwenda kutembea. Mtoto hupokea, siku hupita, na kesho yake hawezi kueleza kilichokuwa kikiadhimishwa.

Ipo pia hatari ya upande wa pili, ya mtoto kugeuzwa mtumishi wa sikukuu au kutumwa kuuza bidhaa kando ya malori wakati wenzake wanasherehekea. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaja mtoto kuwa na wajibu wa kuchangia mshikamano wa familia, lakini inakataza kazi zinazomnyonya na kumdhuru. Tofauti ni rahisi kuipima. Kazi ya sikukuu hufanywa pamoja na mzazi, huendana na umri, na huishia mezani ambapo mtoto ana kiti chake.

Desturi za kuanzia zipo hapa hapa. Kanisa la Moravian, ambalo lina waumini wengi wilayani Mbozi na maeneo jirani, limerithi ibada ya alfajiri ya Pasaka inayofanyika makaburini, desturi iliyoanzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732. Mtoto anayepelekwa mapema kupalilia kaburi la babu yake, akaambiwa babu huyo alikuwa nani na kwa nini watu watakusanyika hapo kabla ya mapambazuko, hataisahau Pasaka hiyo.

Kwa nyumba ya Kiislamu, mtoto anaweza kushirikishwa kupima kilo za nafaka za zaka ya Idi el-Fitri na kuzipeleka mwenyewe kwa jirani mwenye uhitaji. Kwa nyumba yoyote, mtoto anaweza kukabidhiwa sehemu moja ya maandalizi iwe yake kila mwaka: kuchambua mchele, kupanga mikeka, kuandika majina ya wageni, kumkaribisha bibi.

Gumu zaidi kwetu ni kuuliza. Malezi ya wengi yamemfundisha mtoto kuwa mbele ya wakubwa adabu ni kunyamaza, ingawa wahenga wenyewe walisema kuuliza si ujinga. Meza ya sederi inathibitisha kuwa heshima kwa wazee na swali la mtoto vinaweza kukaa pamoja, mradi wazee wamejiandaa kujibu.

Mzazi anaweza kuanza kwa swali moja. Kabla ya chakula cha sikukuu kuliwa, mtoto mdogo kuliko wote apewe nafasi ya kuuliza kwa nini siku hii si kama nyingine, na mkubwa kuliko wote amjibu kwa maneno atakayoyaelewa. Hakuna gharama inayohitajika, na haihitaji zaidi ya dakika kumi.

Asiyejua jibu ana muda wa kulitafuta kabla sikukuu haijafika.